Fatiha ya Mboni

Kila mwaka, mwezi wa pili, Mwalimu Fikirini Kondo alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Wanafunzi wake wa tuisheni, wa kidato cha sita, walimwita Jenerali. Alijua, na moyoni alilipenda jina hilo, ingawa usoni alijitia hamnazo. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mwembamba, mwenye rula ya mbao ya mita moja na sauti iliyoweza kushindana na vipaza sauti vya wauza viatu wa kule chini mtaani.

Mtindo wake ulijulikana hadi Temeke. Hakuanza na tarehe kama walimu wengine. Alianza kwa kuigawa nchi. Mabenchi ya dirishani yakawa Kaskazini, penye viwanda na reli. Mabenchi ya ukutani yakawa Kusini, penye pamba na watu waliomilikiwa kama ng'ombe. Aliyechelewa akakuta nafasi iko Kusini tu, alikaa Kusini, na kuanzia dakika hiyo alitakiwa aitetee Kusini kwa moyo wake wote. Mwaka mmoja kijana wa Buguruni aliitetea vizuri mno, mpaka wenzake wakamnunia wiki nzima.

Mwalimu mwenyewe alisimama katikati, kwenye njia, akinyoosha rula huku na kule. Akiulizwa yeye yuko upande gani, alijibu kwamba mwalimu ni kama yale majimbo manne ya mpakani, yaliyokuwa na watumwa lakini hayakujitenga. Kazi yake ni kunyamaza na kungoja wanaopigana wamalize. Wanafunzi walicheka, naye akaendelea kuwasomea noti waandike. Noti alizisoma kwa Kiingereza kwa sababu mtihani unataka Kiingereza, akazieleza kwa Kiswahili kwa sababu wanafunzi wanataka kuelewa. Sababu za vita zilikuwa sita, kwa mpangilio uleule tangu alipofungua darasa miaka ishirini na miwili iliyopita. Ya kwanza tofauti za uchumi, ya pili ushuru wa forodha, ya tatu utumwa, na nyingine tatu za kujazia karatasi.

Ukimsikia hivyo utadhani ni mtu wa vita kweli. Nyumbani kwake hakuwa jenerali wa kitu chochote.

Nyumba ya ukoo wao iko Mtaa wa Mchikichi, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ua nyuma, moja ya chache zilizobaki chini huku maghorofa yakizichungulia. Chumba cha mbele ni duka la mabegi la Rogath, Mchaga wa Marangu, aliyekaa pale muda mrefu mpaka anajua Bi Sabaha akikohoa kwa mafua na akikohoa kwa hasira. Bi Sabaha ni dada yake Fikirini, mkubwa wake kwa miaka minane. Kwenye hati nyumba ni ya wote wawili, lakini hati ni karatasi tu. Aliyeamua leo kunapikwa nini, nani apokelewe barazani na nani aishie mlangoni, ni Bi Sabaha. Fikirini alikuwa ameridhika hivyo. Mkewe alipofariki, binti yao Najma alikuwa na miaka minne, na Bi Sabaha, ambaye hakujaaliwa mtoto, alimchukua akamlea kama aliyemzaa mwenyewe. Alimwogesha, akamsuka, akampeleka madrasa na shule, na siku alipovunja ungo akamweka ndani akamfunda mwenyewe. Mwanamume aliyelelewa mtoto wake kiasi hicho huwa hana mdomo.

Kitu kingine alichokishika Bi Sabaha ni ukoo. Aliubeba kichwani kama watu wanavyobeba ndoo ya maji, shingo wima, bila kumwaga tone. Babu mkuu alikuwa Mwinyi Hatibu, mwenye mashamba ya minazi kule upande wa Bagamoyo. Mkewe Bibi Mwanakheri, muungwana binti muungwana. Akafuata Salehe, Salehe akahamia Dar es Salaam akajenga nyumba hii, Salehe akamzaa Kondo, Kondo akawazaa wao. Bi Sabaha aliweza kukutajia na mashangazi wa pembeni, nani aliolewa wapi na kwa mahari gani, bila kukwama.

Basi mwaka huu ikaja posa. Ismail, kijana wa Magomeni anayefanya kazi ya uwakala wa forodha bandarini, alikuwa amemwona Najma kwenye maabara ya Upanga anakofanya kazi, alipokwenda kupimwa malaria. Malaria hakuwa nayo, lakini alirudi mara tatu. Najma hakuwa mtoto, alikuwa na miaka ishirini na sita na akili zake timamu, na alipomkubali alimwambia atume wazee. Wazee wakaja Jumapili moja, watatu, na barua imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Wakaamkiana, wakanywa kahawa, wakasema mshenga hana haraka, wameona ua zuri katika ua wa watu na wanaomba ruhusa ya kulinusa. Bi Sabaha alitabasamu vizuri tu. Akapokea barua. Kisha akauliza, kama mtu anayepitisha muda, kijana ni mtoto wa nani.

"Ismail bin Juma," akasema mshenga, "bin Abedi, bin Feruzi."

Tabasamu la Bi Sabaha halikutoka usoni, ila lilisimama pale pale. Akawaambia wageni watapata jibu. Wazee wa pale wana utaratibu wao. Barua isiyojibiwa kabla ya mwezi wa Ramadhani huhesabiwa imekataliwa, na mshenga mwenye heshima zake harudi kuuliza. Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Wageni walipoondoka, akaiweka barua juu ya kabati, akamgeukia mdogo wake.

"Feruzi unamjua ni nani?"

"Namsikia tu, dada."

"Mkwezi wa babu. Alinunuliwa, akapewa kamba na panga, akawa anapanda minazi ya Mwinyi Hatibu. Leo kitukuu wake anakuja na kitambaa cheupe. Nimtoe Najma akamzalie mtumwa wetu? Barua hiyo haijibiwi."

Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Fikirini alikuwa na jibu la maneno hayo, na alikuwa nalo tangu mwaka 1994. Mwaka huo, katika wodi moja, baba yao Mzee Kondo alimwita asogee karibu na kitanda. Akamwambia kwamba Bibi Mwanakheri, anayesomewa kila mwaka kwenye hitima kama bibi wa ukoo, hakuzaa hata mtoto mmoja. Aliyezaa ni Mboni. Mboni aliletwa na msafara kutoka bara akiwa mtoto mdogo, akanunuliwa, akafagia ua wa Mwinyi Hatibu, na alipopevuka bwana wake akamfanya suria. Akamzaa Salehe. Kwa sheria ya dini mtoto wa suria ni muungwana kama baba yake, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kusema uongo. Ilitosha kutosema.

"Sisi sote tumetoka tumboni kwa Mboni," Mzee Kondo alisema. "Na hatujamsomea hata Fatiha moja. Msomee."

Siku ya tatu akafariki, na kazi ya kusoma majina ya marehemu ikamwangukia Fikirini. Hitima ya ukoo husomwa kila mwaka, Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo. Wanaume hukaa ukumbini na nje chini ya turubai, wanawake hukaa uani, pazia katikati. Msahafu ukishasomwa, Fikirini husimama na daftari, anasoma jina moja moja, na kila jina watu wanalisomea Fatiha. Mwaka wa kwanza hakumtaja Mboni kwa sababu msiba ulikuwa bado mbichi. Mwaka wa pili kulikuwa na wageni wengi kutoka Bagamoyo. Mwaka wa tatu hakuwa na sababu, na tangu hapo hakuitafuta tena. Alijitetea kwamba anamsomea kimoyomoyo. Miaka thelathini na moja watu wazima walikaa mkekani wakimwombea kwa sauti mwanamke ambaye hakumzaa yeyote kati yao, na aliyewazaa akawa anapitwa.

Kwa hiyo dada yake alipomtaja Feruzi, Fikirini alisema ana darasa.

Najma alingoja siku nne. Asubuhi ya siku ya tano, akipiga pasi koti lake jeupe la kazini, akamwamkia baba yake na hapohapo akamwuliza.

"Baba, walii wangu wa kuniozesha si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Shangazi amesema hapana. Wewe umesemaje?"

"Mimi nimesema tusubiri kwanza."

"Tunasubiri nini?"

Fikirini akaanza habari za subira na heri zake. Binti akaisimamisha pasi.

"Sitatoroka, baba, usiogope. Wala sitaenda kwa kadhi kukushitaki. Shangazi amenilea, siwezi kumtia aibu. Ninachotaka ni useme neno moja mbele ya watu. Ukishasema, hata kama posa haitakubaliwa, nitaridhika."

"Neno gani?"

Najma alimtazama, akakunja koti mkononi.

"Si unalijua wewe mwenyewe," akasema, akatoka kutafuta bajaji.

Fikirini alidhani anaulizwa ndiyo au siyo ya posa. Alikwenda darasani amechukia, na hakujua anamchukia nani.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya sababu za vita. Akagawa nchi, akasimama njiani, akasoma noti. Alipofika hoja ya tatu, mkono ukanyooka upande wa Kusini. Alikuwa Clotilda, binti yake Rogath wa duka la mabegi, mtoto aliyezoea kuhesabu mizigo ya baba yake na asiyekubali kitu mpaka kimefunguliwa akaona ndani.

"Samahani mwalimu. Mbona utumwa ni wa tatu?"

"Kwa sababu uchumi ni wa kwanza na ushuru ni wa pili. Andika."

"Nimeandika. Lakini uchumi wa Kusini si ndio pamba? Na pamba si inalimwa na watumwa? Na huo ushuru si wanaulalamikia wenye pamba?"

"Clotilda, mtihani hauulizi hivyo."

"Sawa mwalimu. Ila mimi nimewekwa Kusini, natakiwa niitetee, na nashindwa. Nikimtoa mtumwa kwenye hoja, zilizobaki wanapigania nini?"

Darasa lilicheka kidogo, likanyamaza lilipoona Jenerali hacheki. Alikuwa na majibu ya maswali ya namna hiyo, ya mwalimu wa muda mrefu, yale ya kusema swali zuri, tutalirudia. Hakuyatoa. Alisimama na rula yake kati ya mabenchi, akiona wazi kwamba miaka ishirini na miwili amevipanga vita vile ili utumwa usikae mbele. Laki sita na zaidi walikufa, na yeye kazi yake imekuwa kuwaambia watoto wa Kariakoo waanze na ushuru. Aliona haya. Akawaambia wafute namba, waandike utumwa wa kwanza, na zile nyingine wazipange chini yake. Wanafunzi wakanung'unika kwa sababu walikuwa wameshaandika kwa kalamu ya wino.

Usidhani alirudi nyumbani shujaa. Mazoea yana taabu. Alipita wiki nzima akiizunguka barua ile juu ya kabati kama paka anavyozunguka samaki wa moto. Mara mbili alimkuta dada yake peke yake akichambua mchele, akakaa naye, wakazungumza habari za bei ya mbuzi na za bomba lililopasuka mtaa wa pili. Alhamisi, siku moja kabla ya hitima, akachukua daftari la marehemu, na chini ya jina la Mwinyi Hatibu akaandika Mboni. Aliandika kwa penseli, mtu wa kujiachia mlango wa kutokea.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, watu wakajaa. Turubai lilifungwa toka ukuta wa nyumba hadi nguzo ya umeme, Rogath akafunga duka mapema kwa heshima na kuwaazimisha viti vyake. Wazee wa Bagamoyo walikuja na gari la kukodi, wakiongozwa na binamu yao Mwinyimvua, mtu mkubwa wa tumbo na maneno, anayependa kukumbusha watu kwamba ukoo huu ulikuwa na mashamba. Juzuu zikagawanywa, kila mtu akasoma ya kwake, ubani ukafuka, na harufu ya pilau ikaanza kutoka uani na kuwasumbua wasomaji. Sheikh akafunga Msahafu. Akampa Fikirini ishara.

Fikirini akasimama. Akasoma Mwinyi Hatibu bin Kambi. Fatiha. Akasoma Bibi Mwanakheri binti Shomari. Fatiha. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa penseli, akakiacha hapo mpaka Mwinyimvua akainua kichwa kuona kama daftari limekatika ukurasa. Sauti iliyomtoka Fikirini haikuwa ile ya ghorofa ya tatu. Ilikuwa ndogo.

"Mboni," akasema. "Aliletwa kutoka bara, akanunuliwa na Mwinyi Hatibu. Huyu ndiye mama yake Salehe. Bibi Mwanakheri hakuzaa. Wote tuliokaa hapa wa ukoo huu ni watoto wa Mboni. Tumsomee."

Sheikh alimtazama. Mwinyimvua akasema, "Unasema nini wewe?" Na kabla mwanamume yeyote hajafungua kinywa kuisoma, Fatiha ilitoka uani. Wanawake waliisoma wote pamoja, kwa sauti moja, wakaanza na kumaliza bila kusitasita, kama wanaosoma jambo la kila siku. Ndipo wanaume nao wakaunga, mmoja huku, mwingine kule, wengine midomo inacheza tu. Fikirini aliyaona hayo lakini hakuwa na nafasi ya kuyafikiria, kwa sababu majina yalikuwa yamebaki kumi na mawili. Akayasoma yote.

Dua ilipokwisha, Mwinyimvua alivaa viatu vyake. Alisema kwa sauti kwamba yeye hakutoka Bagamoyo kuja kuambiwa ni mjukuu wa kitu kilichonunuliwa, na kama watu wa mjini wameishiwa haya, wasiwaburure wenzao. Akaondoka na wanne aliokuja nao, kabla ya pilau, jambo ambalo halijawahi kutokea katika hitima ya nyumba ile. Waliobaki walikula. Wachache walikula bila kumtazama Fikirini, na kijana mmoja wa Mbagala, mtoto wa binamu, alimshika mkono akauliza kama Mboni kaburi lake linajulikana liko wapi. Fikirini hakujua. Ilimuuma kwamba hakujua.

Wageni walipopungua akaenda uani. Alikwenda polepole, kama anayekwenda kuchomwa sindano. Masufuria makubwa yalikuwa yameshushwa, majirani wa kike wanaosha masinia upande wa bomba, na Bi Sabaha amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, kanga begani. Najma alikuwa anakwangua ukoko.

"Dada, shikamoo."

"Unaniamkia mara ya pili leo? Kaa chini."

Akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Dada, najua umekasirika. Baba aliniambia siku za mwisho, na mimi nikakaa nalo miaka yote hii bila kukwambia, nikiona..."

"Baba alikwambia lini?"

"Tisini na nne."

Bi Sabaha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Mimi bibi, mke wa Salehe, aliniambia mwaka niliovunja ungo. Sabini. Na yeye aliambiwa na Mboni mwenyewe, mkwe wake, aliyempokelea wanawe wote watano. Wanawake wa nyumba hii tunajua, Fikirini. Kila hitima, ninyi mkishakula mkaenda zenu, sisi tunakaa hapa hapa tunamsomea. Wewe huko mbele ukisoma Mwanakheri, sisi huku tunangoja mmalize."

Kwa miaka thelathini na moja Fikirini alikuwa amejihesabu mlinzi wa siri, na siri ilikuwa inaoshewa masinia mgongoni mwake.

"Kama mnamsomea," akasema, "Ismail ulimkatalia nini? Ulimwita mtumwa."

"Nilimwita, ndiyo." Bi Sabaha hakuinamisha macho. "Feruzi na Mboni walikaa ua mmoja. Kule kwao wanajua sisi ni nani, hawajasahau hata moja. Nikampeleka mtoto kule, siku mama mkwe amekasirika atamwambia, na ninyi je, mnajitia nini? Nimelea, nikaosha, nikasomesha, halafu nikampeleke akatukanwe kwa jambo ambalo nimelifunika maisha yangu yote? Kumwombea bibi ni mambo ya ndani. Kumtangaza kwa watu ni mengine. Niliogopa, basi. Umesikia? Niliogopa."

"Sasa?"

"Sasa nini? Umeshamwaga mtama penye kuku wengi. Nilinde nini tena?" Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Usidhani nimekusamehe. Mwinyimvua atalisema hili mpaka Pangani. Mimi ndiye nitakayekutana na wake zao misibani."

Fikirini akaona ni zamu ya binti yake sasa, na kwamba hapa angalau atakuwa mwalimu. Akageuka.

"Najma mwanangu, njoo. Huyu Mboni, nataka nikueleze vizuri. Zamani, misafara ilipokuwa inatoka bara..."

"Najua, baba," akasema Najma. Aliweka upawa chini. "Alikuwa na miaka tisa hivi. Alitembea mpaka pwani na mdogo wake wa kiume, mdogo akafia njiani, hawakuruhusiwa kumzika. Shangazi aliniambia nikiwa na miaka kumi na tatu."

"Ulijua? Siku ile ya pasi, ulijua?"

"Nilijua. Sisi hatuwezi kulisema kule mbele, baba. Anayesoma majina ni wewe."

Majirani kwenye bomba walikuwa wameacha kuosha. Fikirini alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Alikumbuka kila Ijumaa ya miaka ile yote, amesimama na daftari, anameza mate na kuruka mstari, na nyuma ya pazia wanawake wamekaa wanamsikia anavyoruka. Aibu aliyoisikia haikuwa ya kununuliwa kwa mtu yeyote. Alitafuta kitu cha kufanya, mtu wa daftari, akatoa kalamu ya wino mfukoni.

"Basi niandike vizuri," akasema. "Mboni ni jina alilopewa kwa Mwinyi Hatibu. La kwao alikuwa anaitwa nani?"

Bi Sabaha na Najma wakatazamana.

"Hilo hatuna," akasema Bi Sabaha.

"Mmelisahau?"

"Hakulisema. Bibi alimwuliza mara nyingi, mpaka siku Mboni anakata roho alimwuliza. Alisema jina lile alipewa na mama yake, na watu wa hapa hawakulinunua."

Fikirini Kondo alilia. Alilia kwa sauti, jua bado halijazama, juu ya ndoo, mbele ya dada yake, binti yake na wanawake wa mtaa mzima, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Najma alikuja akasimama karibu yake. Alipomaliza, Bi Sabaha alipakua pilau kwenye sahani, akaongeza nyama, akamwekea magotini.

"Kula," akasema. "Halafu ukaishushe ile barua kabatini, uwajibu watu wa Magomeni. Ramadhani ni keshokutwa."